Nukta Iliyohama

Mama Fungo hakuwa mtu wa kuita watu ovyo. Miaka tisa alikuwa akiwalisha panya wa Kituo cha Protoni cha Lihanga, akiwabadilishia maranda na kuwaoshea vyombo vya maji, na panya akifa aliandika namba yake daftarini akaendelea na kazi. Kwa hiyo asubuhi ile alipompigia Enesia Sanga simu ya ndani na kumwambia, "Mwanangu, shuka huku mara moja," Enesia aliacha chai mezani ikiwa bado inafuka.

Chumba cha panya kilikuwa chini kabisa ya jengo. Nje ukungu wa Makete ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya pareto tangu alfajiri, lakini mle ndani hakukuwa na dirisha, na taa ziliwaka na kuzimika kwa saa zake zenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapa. Usiseme kitu, tazama tu."

Lilikuwa tundu la kumi na saba la kundi la pili. Panya jike mweupe alikuwa amelala na vitoto vyake saba vya siku nne, vyekundu, visivyo na manyoya wala macho. Mama Fungo aliingiza mkono wenye glavu, akachukua kitoto kimoja, akakiweka kona ya mbali, kisha akafunga kifuniko.

Enesia alijua kitakachofuata. Panya yeyote aliyezaa, hata mwenye njaa, hata mgonjwa, hukimbilia kitoto kilichodondoka, akakibeba kwa meno na kukirudisha kiotani. Kitoto kilijinyonganyonga. Kilio chake ni chembamba mno kwa sikio la mtu, ila kwenye kioo cha kompyuta cha ukutani mstari mwekundu ulianza kurukaruka kila kilipolia.

Mama yake alinyanyuka. Akaenda moja kwa moja hadi ile kona, akakiruka kitoto kama anavyoruka kijiti, akanywa maji, akageuka, akakiruka tena. Alipofika kiotani hakuwalalia wale sita waliobaki. Alijilaza kando yao akaanza kujilamba mguu.

Mstari mwekundu uliendelea kuruka.

"Ana homa?" Enesia aliuliza.

"Hana. Anakula vizuri, ananenepa. Hata nikigonga tundu kwa nyundo hashtuki, jambo ambalo ndilo mlilokuwa mnalitafuta huko juu."

"Ni huyu peke yake?"

"Waliozaa katika kundi la pili ni kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja wako hivi. Kundi la kwanza sijaona hata mmoja. Wale wametulia, na wanalea."

"Umemwambia Profesa?"

"Wiki mbili sasa. Akasema kundi la pili lilisafirishwa kwenye gari lenye joto, tusiwahesabu." Mama Fungo alikiokota kile kitoto, akakishika kiganjani kukipa joto. "Mimi shule yangu ni ndogo. Lakini nimefuga maisha yangu yote. Joto la gari la miezi minne iliyopita halimfanyi mama asiwajue wanawe leo."

Enesia alikuwa akihesabu siku. Zilibaki tisa.

*

Mwaka uliotangulia mvua haikukatika kwa siku sitini na moja. Milima ilianza kutembea. Katika wilaya tatu za nyanda za juu udongo uliteremka na kufunika mashamba, barabara, reli mpya na shule, na mvua ilipokoma serikali iliandika kitabu kilichoitwa Orodha ya Wafiwa. Kilikuwa na majina zaidi ya elfu nne. Wengi walikuwa hai kwa kupumua tu. Hawakulima wala kulala, na dawa zilizoletwa kwa droni zikarundikana zahanati, maana aliyezimeza alisinzia na alipoamka akakuta msiba uko palepale alipouacha.

Hapo ndipo Profesa Chaula alipojitokeza na panya wake. Alisema uchungu una makao yake ndani ya ubongo, mahali padogo ambapo kumbukumbu hufungwa fundo na maumivu. Ukilikata fundo lile, mtu atakumbuka kila kitu, lakini kumbukumbu haitamuuma tena. Kisu hakifiki pale bila kuharibu njia nzima. Protoni, chembe ndogo kuliko hata atomu, inafika. Ukiirusha kwa kasi uliyoipima, hupita kwenye ngozi na mfupa karibu bila kudhuru, kisha mwishoni mwa safari yake humwaga nguvu zake zote mahali pamoja na kusimama. Mbele ya hapo haiendi.

Kazi ya Enesia ilikuwa kuhakikisha kuwa hapo inaposimama ndipo palipokusudiwa. Ubongo wa panya ni mdogo kama punje ya harage, na fundo lenyewe ni dogo kuliko chembe ya chumvi. Alimlaza panya kwa gesi ya usingizi kwenye kitanda kisichozidi urefu wa kijiko, akamfunga meno kwenye kijiti ili kichwa kisicheze, kisha kamera ya eksirei ikamzunguka na kutoa picha. Juu ya picha ile Enesia aliweka alama ya msalaba. Kompyuta ilikisogeza kitanda mpaka msalaba na njia ya mwale wa protoni vikutane, na mwale ukapigwa kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Yote yalitegemea jambo moja: kamera na mwale vikubaliane. Kama kamera imepinda kidogo, msalaba utaonekana uko sawa na mwale utapiga pengine. Ndiyo maana kila asubuhi fundi alipaswa kuweka kipande cha filamu kitandani, kukipiga, na kuangalia kama nukta nyeusi imekaa katikati ya msalaba. Kisha aliweka kidole kwenye kioo cha mashine na kutamka, "Nimehakiki." Bila kauli hiyo mashine haikuwaka.

Baada ya kutoka kwa Mama Fungo, Enesia alikwenda kwenye kabati la vioo. Humo zilihifadhiwa bongo za panya waliokwisha kufa, zimekatwa vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu. Akachukua vya kundi la kwanza na vya kundi la pili, akaviweka chini ya hadubini kimoja baada ya kingine. Mwale huacha kovu, doa la kahawia lisilokosewa.

Makovu ya kundi la pili yalikuwa juu ya fundo hasa, palepale Profesa alipochora.

Makovu ya kundi la kwanza hayakuwa pale. Yote ishirini na manne yalikuwa nyuma ya fundo, kwa umbali uleule. Alipima mara tatu. Sehemu sita za kumi za milimita.

Alikaa kitako. Akafungua kumbukumbu za matengenezo akitumaini hataona kitu, na akaona: mwezi wa tano wa mwaka jana fundi kutoka Dodoma aliikuta kamera imelegea, akairudisha mahali pake. Kundi la kwanza lilikuwa limepigwa mwezi wa nne.

Mwezi wa nne. Siku zile Enesia alikuwa akirudi kazini moja kwa moja kutoka mlimani, matope yamekauka chini ya kucha, baada ya kuchimba usiku na mchana yeye na dada yake na kijiji kizima. Karibu wiki tatu mfululizo hakuwahi kuipiga filamu. Aliweka kidole kwenye kioo, akasema, "Nimehakiki," akaendelea.

Kwa hiyo panya waliotulia na kulea, wale ambao picha zao zilionyeshwa bungeni, wale ambao kwa ajili yao Kituo kilipewa ruhusa ya kumtibu mtu, walikuwa wamepigwa mahali pasipotakiwa. Na mahali palipotakiwa, mahali mtu atakapopigwa baada ya siku tisa, ndipo alipopigwa yule jike wa tundu la kumi na saba.

Mtu huyo wa kwanza alikuwa Yudita Sanga, dada yake, tumbo moja. Fomu aliijaza Enesia mwenyewe.

*

Siku hiyohiyo, Jumamosi, alikwenda kumwona. Hakupita nyumbani kwanza, maana alijua hatamkuta. Alipanda hadi kwenye kovu la mlima, pale ilipokuwa shule ya msingi, na kwa mbali akaliona jembe likipanda na kushuka.

Yudita alikuwa akichimba. Kijiji kiliacha kuchimba baada ya mwezi mmoja, jeshi likaacha baada ya miwili, mchungaji akaja akafanya ibada juu ya udongo wote kwa jumla. Yudita hakuacha. Mwanawe Ezekia, wa miaka tisa, alikuwa mmoja wa kumi na wanne ambao hawakupatikana. Yudita alikuwa ameligawa eneo kwa kamba na vigingi, na kila siku alimaliza mraba mmoja.

Leya, binti yake wa miaka sita, alikuwa amekaa juu ya jiwe, amejifunika kitenge. Midomo ilimpasuka kwa baridi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Mtoto alimtazama mama yake kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kusema. "Jana nilikula."

Enesia alitoa mkate na viazi alivyobeba. Leya alikula haraka, kimyakimya, akiwa amegeuka upande.

"Dada."

Yudita aliegemea mpini. Alikuwa mwalimu, mwanamke aliyejulikana kwa kicheko kilichosikika hadi barabarani. Sasa mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza, na mikono yake ilikuwa ya mchimba makaburi. "Barua imefika," alisema. "Jumatatu ijayo. Mimi ndiye wa kwanza."

"Nimesikia."

"Unajua usiku ule nililala? Mara ya kwanza. Nilisema, siku tisa naweza. Hata jiwe linaweza kubebwa siku tisa ukijua utalitua." Alimtazama mdogo wake kwa macho yaliyokaribia kuwa ya zamani. "Wewe ndiye utakayenilaza kitandani?"

"Ni mimi."

"Basi siogopi."

Enesia alikuwa amepanda mlima ule ili aseme. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga njia nzima. Lakini alichukua jembe la pili akachimba mpaka jua likashuka nyuma ya mabomba ya umwagiliaji, akashuka akiwa hajasema kitu.

*

Jumatatu alimwambia Profesa Chaula. Alimpelekea vioo, vipimo, kumbukumbu za matengenezo, na mwisho akamweleza kuhusu filamu zake.

Profesa alikuwa mtu mpole. Hakugonga meza. Alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu, na alipoinua uso alionekana amezeeka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama Fungo anajua habari za vitoto. Haya ya kamera najua mimi."

"Unaelewa umefanya nini?"

"Naelewa, Profesa. Niko tayari kwa lolote. Ila tusimpige mtu."

"Tungeweza kulihamisha lengo," alisema, kama anayezungumza peke yake. "Tumpige mtu pale nyuma, palipowafaa panya."

Enesia aliinua kichwa. Usiku kucha alikuwa amelifikiria hilohilo, hata akakokotoa ni milimita ngapi. Hakuna angejua. Angeupeleka msalaba nyuma kidogo kwenye picha ya dada yake, na dada yake angeamka amepona, bado akimjua Leya.

"Lakini haiwezekani," Profesa aliendelea, "na wewe unajua. Mtu si panya mkubwa. Pale nyuma kwa panya hamna kitu cha hatari. Kwa mtu pana mshipa, na chini yake ndipo mwili unapopata amri ya kuamka. Anaweza kupona. Anaweza asiamke tena. Hatuna hata mnyama mmoja wa kutuonyesha."

"Basi tusimamishe."

Profesa alisimama dirishani. Chini, kwenye lango, wafiwa walikuwa wamekaa kwenye nyasi kama kila siku, na vikapu vyao na vyeti vyao vya namba, wakingoja mtu yeyote atoke aseme neno.

"Wiki iliyopita wamepungua wanne," alisema. "Unajua hawakuhamia mjini. Nikisema tunaanza upya, ni miaka mitatu. Miaka mitatu, Enesia. Watakuwa wangapi?" Aligeuka kutoka dirishani. "Panya wa kundi la pili hawateseki. Hilo huwezi kulikataa. Tutamwambia mgonjwa kila kitu. Tutamwonyesha. Akikataa, tutaacha. Akikubali akiwa na akili zake timamu, mimi na wewe ni akina nani?"

*

Profesa alitimiza ahadi yake. Alhamisi Yudita aliletwa, akavalishwa koti na glavu, akashushwa kwenye chumba cha panya. Mama Fungo alirudia yaleyale ya siku ile, bila kumtazama mtu usoni. Kitoto kikawekwa kona. Jike akakiruka akaenda kunywa maji.

Profesa alieleza kwa lugha nyepesi, hakuficha. Alisema huenda kwa mtu isiwe hivi, na huenda ikawa hivi hasa. Hata kosa la kamera alilitaja, na kwamba fundi alikuwa Enesia.

Yudita aligeuka akamtazama mdogo wake. "Ulijua Jumamosi?"

"Nilijua, dada."

"Ukachimba na mimi mpaka jioni." Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Alirudi kwenye tundu, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Huyu anaumwa popote?"

"Hapana," Profesa alisema.

"Analala?"

"Analala."

"Basi nimekubali."

"Dada, hujaelewa," Enesia alisema. "Si Ezekia tu utakayemsahau moyoni. Ni Leya. Utamwona Leya akilia, na haitakuwa kitu kwako."

"Nimeelewa." Yudita alisimama wima. "Wewe ndiye hujaelewa. Jana Leya alianguka pale mlimani, akachunika goti. Nilimsikia akiniita. Nilikuwa nimebakiza kipande kidogo cha mraba, nikasema nikimaliza nitakwenda. Nilipomaliza jua lilikuwa limezama, na mtoto alikuwa amelala palepale, damu imemkaukia mguuni." Alinyoosha kidole kwa yule jike. "Unaniogopesha kwa hilo? Mimi tayari namruka. Tofauti yangu na huyu ni kwamba mimi naumia."

Mama Fungo alikichukua kitoto, akatoka nacho chumbani bila kuomba ruhusa.

Yudita aliweka sahihi mara tatu, mwandiko wake wa ualimu ukiwa umenyooka vilevile. Enesia alimsindikiza mpaka kwenye gari lisilo na dereva. Mlango ulikuwa umefunguka ukiwangoja.

"Jumatatu unilaze vizuri," Yudita alisema. "Usinikosee kama ulivyowakosea wale."

*

Jumatatu asubuhi chumba cha mwale kilikuwa kimejaa. Walikuwepo watu wa wizara, na kamera mbili za habari nyuma ya kioo. Yudita alilala kitandani, amenyolewa, uso wake umefunikwa na wavu mgumu uliokishika kichwa. Picha zilipotokea, Enesia aliona ubongo wa dada yake, na ndani yake fundo, na juu ya fundo akaweka msalaba. Filamu ya asubuhi ile alikuwa ameipiga mara nne. Nukta ilikaa katikati.

"Fundi," sauti ya mashine ilisema, "thibitisha uhakiki."

Kulikuwa na sheria ambayo mafundi hufundishwa siku ya kwanza na hawaitumii kamwe. Fundi akikiri mwenyewe, kwa kidole na kwa sauti, kwamba aliwahi kutamka uhakiki wa uongo, mashine hujifunga kwa siku thelathini ili ichunguzwe. Haifunguliwi na mkurugenzi wala waziri. Na fundi huyo hagusi mashine tena, hiyo wala nyingine yoyote, maisha yake yote.

Enesia aliweka kidole kwenye kioo.

"Nakiri kosa," alisema. "Mwezi wa nne mwaka jana, kwa siku kumi na tisa, nilitamka uhakiki ambao sikuufanya."

Sumaku zilizokuwa zikivuma ndani ya kuta zilianza kushuka sauti. Taa ya kijani ilizimika. Nyuma ya kioo watu walisimama wote pamoja, na Profesa Chaula akaweka kiganja juu ya macho yake.

Yudita alikuwa bado amefungwa chini ya wavu. Hakuweza kugeuza kichwa. "Enesia," aliita. "Mbona pamenyamaza? Tayari?"

Enesia alikwenda kumfungua. Vifungo vilikuwa vinane, na alipofika cha sita dada yake alikuwa ameshaelewa. Hakupiga kelele. Alilia kama alivyolia siku ile ya kwanza mlimani, mdomo wazi bila sauti, na alipokuwa huru alimsukuma mdogo wake kwa mikono miwili, akashuka mwenyewe.

*

Kituo kilimpa Enesia saa moja kukusanya vitu vyake. Alikwenda kwa dada yake, maana hakuwa na pengine. Yudita hakumfukuza wala hakumsemesha. Wiki tatu nzima waliishi hivyo. Enesia alipika, akampaka Leya mafuta, akampeleka kwenye darasa la mahema, kisha akapanda mlimani, akachukua jembe la pili, akaanza mraba uliofuata. Alisema moyoni: siku thelathini. Kama mtoto yuko humu, nitampata. Mama mwenye kaburi la kukaa kando yake huenda asihitaji mashine.

Aliandika pia barua kwa Baraza la Maadili. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili, kurasa mbili. Baraza lilimshukuru kwa uaminifu wake. Baraza lilikuwa limeridhika kwamba mgonjwa ameelezwa madhara yote na amekubali kwa hiari. Fundi mpya alikuwa ameshaajiriwa.

Siku ya ishirini na mbili jembe la Enesia lilipiga kitu laini. Walipiga magoti wote wawili, wakafukua kwa vidole. Kilikuwa kiatu cha shule, cha kushoto, kidogo mno. Ndani yake jina liliandikwa kwa kalamu ya wino: Fides. Mtoto wa jirani.

Yudita alikiosha kijitoni, akakifuta kwa kitenge chake, akakipeleka mwenyewe. Enesia alimngoja nje ya ua wa yule jirani, akasikia kilio cha mwanamke kikipanda, kisha kikishuka, kisha sauti ikishukuru, ikishukuru tena. Yudita alitoka akatembea hatua nyingi kabla ya kusema neno lake la kwanza tangu Lihanga.

"Yule sasa ana kiatu," alisema.

Usiku ule alimwita Leya, akamweka katikati ya magoti yake, akamsuka nywele. Alizisuka polepole, mistari minane, bila kuharakisha wala kuacha. Leya hakuthubutu kujitikisa, alikuwa ametabasamu peke yake akitazama moto. Enesia aliwaangalia akajiambia: hali imegeuka. Na kesho yake Yudita aliamka kabla ya mapambazuko akaenda kuchimba.

Siku ya thelathini na moja gari la Kituo lilisimama uani, tupu, mlango ukajifungua. Yudita alikuwa tayari. Alikuwa amefua nguo zote za Leya na kuzikunja, akakata kuni za mwezi mzima, akampeleka mtoto shuleni mwenyewe na kukaa naye mlangoni mwa hema mpaka kengele ilipolia.

"Dada, bado unaweza kukataa," Enesia alisema. "Mimi nipo. Nitamlea, na wewe ulie hata miaka kumi. Sitakuuliza kitu."

"Najua. Wewe utamlea." Yudita alimshika mabega. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu siku ya wavu. "Sikuchukii, mdogo wangu. Ulinipa siku thelathini, nikazitumia zote kumtafuta. Hayupo. Mimi nimechoka."

"Na Leya?"

Yudita alitazama upande wa mahema ya shule, ambako watoto walikuwa wameanza kuimba namba.

"Nikirudi nikiwa namjua, vizuri," alisema. "Nikirudi nikamtazama kama mtoto wa watu, mwambie mashine iliharibika. Mwambie ni bahati mbaya. Usimwambie kwamba nilijua."

Aliingia garini akajifunga mkanda. Enesia alibaki ameshika ukingo wa mlango mpaka gari lenyewe, kwa sauti ya upole, likamwomba auachie.